Shuka la Doto

Sindano ilipita, uzi ukafuata, ngozi ikaachia. Daktari Pazi alijaribu tena pembeni kidogo, chini ya sikio la kushoto, na hapo napo uzi ukakata nyama ukatoka wenyewe. Aliweka koleo kwenye sinia, akavua miwani na kuifuta kwa pindo la koti lake, ingawa haikuwa na uchafu wowote.

"Mtani," alisema, "mimi hapa sishoni ngozi. Nashona utandu wa maziwa."

Mwanamke aliyekuwa kitandani alifumba macho. Katika nchi nzima hapakuwa na mtu mwingine ambaye angethubutu kumwambia Luiza wa Mezani maneno kama hayo. Lakini Pazi alikuwa Mzaramo naye Luiza alikuwa Mnyamwezi, na utani wa makabila hayo mawili ni mkongwe kuliko reli, kuliko kliniki, kuliko hata huo mji wa Tabora walimokuwa. Mtani akikutukana unacheka, na akikwambia ukweli unameza. Luiza alimeza.

Nyumba yoyote iliyokuwa na meza ya mwanga ilimjua. Asubuhi watu walivuta kiti kimoja kitupu, wakagusa ukingo wa meza, na Luiza akaja kukaa pale, mtu mzima wa mwanga mtupu, kikombe chake mkononi, akiwauliza wamelalaje kisha akiwapa habari za dunia. Alikaa na maharusi, na wajane, na watoto wenye makamasi. Mtu anayekusogelea kiasi hicho kila siku unamwona hadi kinyweleo, kwa hiyo uso wake ndio uliokuwa kazi yake, na zaidi ya kazi hakuwa na kitu. Alipofikisha miaka hamsini alikwenda hospitali ya jiji kubwa alikoishi kuvutwa uso. Uso ulivutika vizuri. Kisha mishono ikaanza kufunguka chini ya masikio yote mawili, na tangu hapo aliishi ndani ya mtandio, huku kituo chake kikirusha vipindi vya zamani na kumkumbusha kwa upole kwamba msimu mpya unakaribia.

"Wenzangu wanafanyiwa hivi hivi na wanapona," alisema.

"Wanapona kwa sababu wana ngozi. Watu mnadhani kisu ndicho kinacholeta uzuri. Kisu kazi yake kukata, hata cha nyanya kinakata. Anayefunga kidonda ni ngozi yenyewe. Ngozi iliyolala usingizi, iliyokula, isiyobughudhiwa, unaikata leo na baada ya siku chache imeshikana, kovu unalitafuta kwa tochi. Iliyochoka itaachia, hata nikuletee fundi kutoka mbinguni." Alichukua kipimo, kisahani kidogo cha kioo, akakibandika kwenye shavu la Luiza. Ukutani ikatokea picha ya ngozi iliyokatwa kwa ubavu, tabaka juu ya tabaka. "Hapo panatakiwa pawe na nyuzi zilizosukwa kama mkeka. Wako umebaki ukindu mmojammoja. Umekunywa kwa muda gani?"

"Kunywa nini?"

"Mtani."

Mkorogo wa kujichubua wa enzi za bibi zao ulipakwa, na aliyeupaka alijulikana kwa vifundo vya vidole vyeusi na mashavu mekundu. Wa siku hizi ulinywewa. Ulikuja kwenye chupa nzuri, ukaitwa maziwa ya nuru, ukapita mwili mzima bila kuruka kiungo, na hakuna aliyeweza kukunyooshea kidole. Luiza alitazama dari.

"Tangu nilipoanza kazi," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna meza iliyowahi kuisikia.

"Basi hata paja halifai, hata mgongo. Kwako hakuna pa kuchota mbegu ya ngozi." Daktari alikibandua kipimo taratibu. "Tukiviacha vidonda hivi vitapanda hadi shavuni. Una ndugu?"

"Sina."

"Luiza ndilo jina ulilopewa nyumbani?"

Muuguzi aliyekuwa akipanga vyombo aliacha kupanga.

"Kulwa," alisema.

Daktari Pazi akaweka kipimo chini. Kulwa ni pacha anayetangulia kuzaliwa, na anayemfuata ni Doto. Jina la kwanza halitolewi bila la pili, na hilo hata Mzaramo analijua.

"Na Doto yuko wapi?" aliuliza.

*

Doto alikuwa akiendesha treni. Alipopigiwa simu alikuwa amesimama Kaliua akisubiri kupishana na treni ya mizigo, na hakuuliza mengi. "Nikishusha abiria nakuja," alisema. Kesho yake alikuwa mlangoni mwa kliniki na begi dogo mkononi na koti la shirika la reli begani.

Walikuwa hawajaonana kwa miaka minane. Kulwa alimtazama na kuuona uso ambao angekuwa nao yeye mwenyewe: mweusi, mpana, wenye mikunjo ya kucheka pembeni mwa macho, na ngozi iliyokaa mahali pake bila kuombwa. Alitamani kuugusa. Badala yake alivuta mtandio na kusema, "Karibu, umechoka na safari," na Doto akajibu kwamba safari ndiyo kazi yake.

Kilichotokea miaka minane nyuma hakikuhitaji kukumbushwa na yeyote kati yao. Doto alikuwa ametoka zamu, akapita kumsalimia ndugu yake huko jijini. Alivua koti la kazi, akaingia jikoni kupika chai kama mtu aliye kwao. Kipindi kilikuwa kinarushwa kutoka sebuleni. Doto, asiyejua mwanga ule unaanzia wapi na kuishia wapi, aliingia na sinia hadi katikati yake. Kwenye meza za nchi nzima akatokea mwanamke mweusi, mwenye sinia la chai na uso wa Luiza. Mgeni wa siku hiyo, mwanamuziki mcheshi, akauliza, "Huyu nani tena? Mbona mmefanana?"

"Huyu? Msichana wangu wa kazi," Luiza alisema, bila hata kuvuta pumzi. "Wakikaa na wewe sana huanza kufanana nawe."

Mwanamuziki alicheka, na nchi ikacheka naye. Maneno yale yakawa msemo wa mitaani, yakachapwa kwenye fulana. Doto aliweka sinia, akasema, "Karibuni chai," akatoka. Huko Sikonge mama yao alikuwa ameketi na uji wake mbele ya meza yake, akimtazama bintiye kama kila asubuhi. Alipofariki miaka miwili baadaye, Kulwa alituma shada la maua lililokuwa kubwa kuliko jeneza, na yeye mwenyewe hakwenda.

Sasa Daktari Pazi alimweka Doto kwenye kiti, akambandika kipimo shavuni, kisha mkononi, kisha kwenye paja. Picha ilipotokea ukutani alipiga mluzi.

"Mkeka huu," alisema. "Huu hata ukiushonea turubai unashika."

Akamweleza kazi ilivyo. Angechota mbegu ya ngozi nyuma ya sikio lake, aipande juu ya paja, aifunike kwa utando unaolishwa asali ya miombo iliyochujwa. Mbegu ingetandaa polepole mpaka iwe shuka, upana wa viganja viwili, ngozi changa ikinywa damu ya Doto na kujifunza kwake namna ya kuwa ngozi. Mashine ilishindwa kazi hiyo. Ngozi iliyokuzwa kwenye chupa hutoka nzuri kwa macho lakini haijui kupona. Kwa hiyo shuka ni lazima liatamiwe na mtu aliye hai, na kwa hali ya Kulwa, mtu huyo alikuwa ni pacha wake tu.

"Kama kuku," Doto alisema.

"Kama kuku. Na kuku akisumbuliwa mayai huharibika. Utakula vizuri, utalala, hutapigwa na jua. Na usiwe na huzuni. Sisemi hivyo kukubembeleza. Mtu akiumia moyo damu yake hubadilika, na shuka hunywa hiyo hiyo. Shuka likifa, paja lako nalo litaungua na litabaki na kovu baya. Una haki ya kukataa."

Kulwa akaingilia kati, na alijisikia vibaya hata kabla ya kumaliza sentensi. "Daktari, rangi ya shuka. Haliwezi kuoshwa kidogo, likiwa bado changa?"

Doto alikuwa akikunja suruali yake na hakuinua kichwa.

"Ukiliosha," alisema Pazi, "utakuwa umerudi kwenye utandu wa maziwa. Ubora wake ndio huo weusi wake, mtani. Havitenganishwi."

"Panda tu, daktari," alisema Doto. "Mapacha hawanyimani."

Ndivyo mama yao alivyowalea. Wakipewa walipewa wote, kitenge kwa kitenge, andazi kwa andazi. Wakichapwa walichapwa wote. Na kwa kuwa Kulwa ndiye aliyekuwa mtundu, Doto alichapwa sana utotoni kwa makosa ambayo hata hakuyajua.

*

Shuka lilishika. Juu ya kitanda cha Doto kulikuwa na taa ndogo iliyounganishwa na ule utando. Ikiwa kijani shuka ni zima, ikigeuka manjano lina shida, na nyekundu hakuna aliyetaka kuiona. Kila asubuhi Kulwa alipita mlangoni, akachungulia, akaona kijani, akaenda zake. Alijiambia kwamba anamjulia hali ndugu yake.

Kliniki ilikuwa na baraza pana ambapo wagonjwa walikunywa chai na kupunga upepo, wakitazama mizinga ya nyuki iliyopangwa kwenye miti. Wengi walikuwa wanawake wa mijini, waliokuja kurekebishwa shingo au kope, na licha ya mtandio ule walikuwa wamekwisha kumtambua Luiza. Hawakusema kitu. Waliokuja mahali pale walikuwa na adabu ya kutunziana siri. Aliyekuwa na mdomo zaidi ni Bi Salha, mke wa mwenye meli za ziwani, mwenye bendeji ya shingo na sauti ya kuamrisha.

Siku moja Doto alitoka chumbani kwa mara ya kwanza. Alitembea akiuburuza mguu kidogo, kikombe kimoja mkononi, na alikuwa amemletea Kulwa maziwa ya moto kwa sababu alikumbuka kwamba mwenzake hapendi chai ya rangi. Alikiweka mbele yake. Bi Salha aliwatazama, mmoja kisha mwingine.

"Luiza, huyu bibi ni nani wako?"

Kulwa alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, neno moja tu, na ulimi ulikuwa mzima. Lakini aliona macho ya wale wanawake yakisubiri, akafikiria jinsi habari itakavyosafiri na bendeji zao hadi mijini, akainamia kikombe cha maziwa. Bi Salha akaanza kuona haya.

"Mimi ni msichana wake wa kazi," Doto alisema kwa utulivu. "Nimekaa naye sana, ndiyo maana."

Wanawake wakaangua kicheko, kwa kuwa wote walikuwa wanaujua ule msemo. Na Kulwa naye akacheka. Alikisikia kicheko chake kikitoka, chembamba, kizuri, kilekile cha mezani, na hakuweza kukirudisha. Doto alichukua sinia tupu lililokuwa pembeni, kama msichana wa kazi, akaondoka nalo akiburuza mguu.

Asubuhi iliyofuata taa ilikuwa manjano. Daktari Pazi alifunua utando, akamwita Kulwa aone. Shuka lilikuwa jeusi na lenye kung'aa, lakini upande mmoja ukingo wake ulikuwa umegeuka majivu.

"Jana palitokea nini?" aliuliza.

Muuguzi aliangalia sakafu. Doto alikuwa akitazama nje dirishani. Kulwa alisikia joto likimpanda usoni, na akajua kwamba kwa ngozi yake ilivyo, kila mtu chumbani alikuwa anaiona damu hiyo ikipita.

"Sijui," alisema.

Pazi alimtoa nje na kufunga mlango. "Unajua," alisema. "Kuna kitu kinamla mwenzako, na mimi sina kipimo chake. Wewe unacho. Nenda kaongee naye kabla hatujakata. Ukingo ule ukienda zaidi, nitatupa shuka lote."

*

Alikwenda mchana, wauguzi wakiwa wanakula. Doto alikuwa amelala chali, mguu umeinuliwa juu ya mito. Kulwa alivuta kigoda, akakaa karibu na kichwa chake.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema.

Juu ya kitanda taa ilitetema kidogo.

"Siku ile na sinia. Sikuwa na haki. Niliogopa." Aliona manjano ikififia. "Niliogopa watu watasema Luiza kumbe ni mweusi. Na mama... mama alikuwa anatazama, Doto, nilijua anatazama." Taa ilianza kuchukua ukijani, na Kulwa akahisi furaha ndogo, ya haraka, kama ya mtu anayeona chungu kinaanza kuchemka. Akaongeza habari ya mazishi. Kijani kikazidi. Akajaribu kusema kuhusu kazi yake, jinsi alivyokuwa na shughuli nyingi, na manjano ikarudi, basi akaiacha haraka ile njia na kurudi kwa mama. Alikuwa amesema maneno mengi, na yote yalikuwa ya kweli, alipogundua kwamba anachagua yale yanayoiwasha.

"Kulwa," Doto alisema. "Unaniangalia mimi au unaiangalia taa?"

Kulwa aliondoa macho kwenye taa. Alitaka kusema kwamba alianza kwa moyo safi, na pengine ilikuwa kweli, lakini hata hilo lingekuwa neno jingine la kuijaribisha taa.

"Endelea tu," alisema Doto. "Inawaka vizuri." Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Unajua abiria wananigongea mlango wa kichwa cha treni? Wanaomba chai. Miaka minane. Mimi nimewazoea. Mama ndiye hakuzoea. Siku ile aliinuka, akaifunika ile meza kwa kitambaa, akaanza kuanikia karanga juu yake. Jirani akija asubuhi kutazama habari, anaambiwa meza imeharibika."

"Hakusema kitu juu yangu?"

"Alisema umekosa. Akakaa akingoja uje, atuchape wote wawili." Doto aligeuza uso ukutani. "Usidhani nimekuja hapa kwa sababu nimekusamehe, mwenzangu. Nimekuja kwa sababu ukikosa wewe nachapwa mimi. Nimezoea. Sasa nenda, nataka kulala, daktari amesema nilale."

Kulwa alimkuta Pazi kwenye ngazi za baraza, akila muwa na kutemea makapi mkononi. Alikaa ngazi ya chini yake bila kujali vumbi.

"Nikiomba radhi sasa, naiombea ngozi," alisema. "Amekwisha kuniona. Ngoja basi ukate kwanza. Ukishakata, nikiwa sina tena cha kupata kwake, nitamwangukia miguuni. Hapo itakuwa radhi ya kweli."

Pazi alitema makapi. "Ukingo unakufa, mtani. Ukiendelea kukaa kimya hadi siku ya kukata, utakufa zaidi, na paja lake litaungua. Unataka yeye awe na kidonda ili wewe uwe na moyo safi?"

"Na nikisema leo?"

"Utakuwa umesema kwa faida yako. Ndivyo ilivyo. Dawa ya kuvitenganisha hivyo viwili mimi sina, nimeitafuta."

Walikaa wakisikiliza nyuki. Kulwa aligeuza jambo hilo huku na huku, akitafuta upande usio na aibu, na hakuupata. Akinyamaza, Doto anaungua. Akisema, anajilipa. Mwishoni alichoka kutafuta namna ya kutoka akiwa mzuri. Alichoona kimebaki ni kulisema mahali ambapo litamgharimu, mbele ya wale wale aliosema mbele yao, na faida yake iwe na hasara yake, kisha Doto apime mwenyewe.

"Kisanduku changu cha kurushia mwanga kiko kwenye gari," alisema. "Kesho asubuhi naomba hili baraza."

*

Kituo kilikubali kwa furaha. Walikuwa wamechoka kurusha vipindi vya zamani na walidhani amepona. Asubuhi wagonjwa walipotoka kunywa chai walikuta kisanduku kiko mezani na mwanga umetanda. Bi Salha alipoutambua alisogeza kiti chake nyuma haraka, akashika bendeji yake. Doto aliletwa na muuguzi, akakalishwa katikati bila kuambiwa kitu, na bakuli lake la uji mkononi.

Kulwa alitoka jikoni amebeba sinia la chai. Hakuwa na mtandio. Vidonda vyake vilikuwa wazi pande zote mbili, vyekundu, na ngozi iliyovizunguka ilikuwa nyembamba kiasi cha kuonyesha mishipa. Aliingia kwenye mwanga. Mahali fulani, kwenye meza za nchi nzima, watu walikuwa wameacha vijiko hewani. Alijua hilo. Aliweka sinia mbele ya Doto, akammiminia, akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili.

Alikuwa ameandaa maneno mengi. Miaka yote hiyo riziki yake ilikuwa maneno. Yalipofika mdomoni yalibaki machache.

"Habari za asubuhi," alisema. "Mnaniita Luiza. Mimi ni Kulwa." Akamgeukia mwenzake. "Na huyu ni Doto."

Bi Salha alijiziba mdomo. Katika nchi ile majina hayo mawili yakiwekwa pamoja hayahitaji maelezo.

"Siku ile niliwaambia ni msichana wangu wa kazi. Nilimkana ndugu yangu mbele yenu, na mama yetu alikuwa mezani akisikia. Juzi, hapa hapa, nimemkana tena, kwa kucheka. Na ngozi atakayonishonea daktari ni ya kwake. Sina cha kuongeza."

Doto alionja chai, akakunja uso.

"Sukari haitoshi," alisema. Akatafuta kwa macho mahali mwanga unapotokea, akaugeukia. "Na mimi ni dereva wa treni ya Kigoma. Mkinigongea mlango kuomba chai sifungui."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akanyamaza. Kulwa alizima kisanduku. Simu yake ilianza kulia hapo hapo, ikalia na kulia, na muuguzi akaichukua akaenda kuifungia kabatini.

Walipomrudisha Doto chumbani aliomba koti lake la reli. Daktari alidhani anasikia baridi. Doto alilitundika juu ya ile taa, likaifunika yote.

"Sasa tukae kidogo," alisema, na Kulwa akakaa. Hawakusema mengi. Doto alimuuliza kama bado hula karanga na maganda yake ya ndani, na Kulwa akasema ndiyo. Alitamani sana kujua chini ya koti kuna rangi gani, na alijionea haya kwa kutamani, na haikuwa aibu ya kumfukuza mtu chumbani. Alikaa nayo.

Siku ya kukata, Daktari Pazi alilifunua shuka, akalipima, akawa mkweli kama mtani. Sehemu kubwa ilikuwa nzima, na paja la Doto lingepona vizuri. Ukingo uliokufa haukurudi. Upande wa kulia ngozi isingetosha, na hapo lingebaki kovu, kutoka sikioni hadi karibu na kidevu.

"Litaonekana?" Kulwa aliuliza.

"Litaonekana. Na shuka litakuwa jeusi kwenye uso mweupe, mpaka huo mwingine nao urudie weusi wake kadiri unavyoweza, ukiacha kunywa maziwa ya nuru."

"Sawa," alisema. Habari ya kuosha hakuigusa tena.

Walilazwa vitanda viwili sambamba, karibu kiasi cha kugusana mikono. Muuguzi alikuwa anaandaa dawa ya usingizi. Kulwa aligeuza kichwa.

"Doto. Ile meza ya mama iko wapi?"

"Niliichukua. Iko kwangu."

"Kwako kuna watu asubuhi. Asubuhi ile niliyosema, hawakuiwasha?"

Doto alipojibu sauti yake ilikuwa ya upole kuliko siku zote tangu afike.

"Naanikia karanga," alisema. "Haijaguswa tangu mama aifunike."

Kulwa alinyoosha mkono, na Doto akauacha ushikwe. Daktari Pazi akavaa miwani yake, akaomba kisu.